Meza ya Duara, Sinia Moja: Samani za Kulia Zilizotengenezwa Uani

Katika nyumba nyingi za Kiislamu za mwambao wetu, chakula cha jamaa ni mkeka, sufra na sinia. Desturi hiyo ni njema, na hatukusudii kuitia doa. Lakini kila mkusanyiko una mtu wake anayeachwa nje bila ya kukusudiwa. Katika mkeka, mtu huyo ni mzee ambaye magoti yake yamekataa kukunjika. Huletewa sahani yake kitandani, au kwenye kiti cha barazani, kwa adabu zote, naye hula peke yake ilhali wajukuu wanacheka chumba cha pili. Heshima ya namna hiyo, ikidumu, huwa upweke.

Ndivyo ilivyokuwa hapa nyumbani kwetu Tanga, kwa mama yetu, bibi wa watoto, baada ya maradhi ya viungo kumzuia kuketi chini. Hakulalamika hata siku moja. Ulipoingia mwaka wa pili anakula peke yake, tulishauriana, mume na mke, tukaazimia kutengeneza kwa mikono yetu meza ya kulia na viti sita katika banda dogo lililo uani. Baba wa nyumba alijifunza useremala ujanani kwa fundi wa mtaani, na vyombo vyake vilikuwepo: misumeno, randa, patasi, skwea, vibanio na nyundo ya mti. Watoto watatu walikuwepo pia. Tunaieleza kazi ile hapa ili jamaa nyingine yenye mzee kama wetu ipate pa kuanzia, iwe itatengeneza yenyewe au itamwagizia fundi.

Je, kula mezani kuna ubaya?

Swali hili liliulizwa kwanza na bibi mwenyewe, aliyelelewa kwenye mkeka, na tuliona inafaa lijibiwe kabla ya mbao kununuliwa. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (Radhi za Allah ziwe juu yake), katika mkusanyiko wa Imam Bukhari, kwamba Mtume (Rehema na amani zimshukie) hakuwa akila juu ya meza iliyoinuliwa, bali juu ya sufra. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, aliigusa habari hiyo katika adabu za kula ndani ya Ihyaau Ulumid-Din. Aliitaja meza miongoni mwa mambo manne yaliyozuka baadaye, pamoja na chekeche, ushnan ya kunawia na kula hadi kushiba. Kisha akabainisha kuwa sufra ni bora zaidi, lakini kula mezani hakukukatazwa, kwa kuwa meza si chochote ila kukiinua chakula ili kilike kwa wepesi. Kati ya mambo hayo manne, lililomtia hofu zaidi ni shibe.

Tulimsomea bibi maneno hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wanangu, tengenezeni. Ila sinia yangu msiiondoe."

Sharti hilo la sinia ndilo lililoamua umbo la meza yetu.

Kipimo ni mwili wa mzee

Mafundi wengi huanza na mbao. Sisi tulianza na utepe wa kupimia. Tulimketisha bibi kwenye benchi, ndara miguuni, tukapima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo ulio nyuma ya goti. Ilikuwa sentimita 44. Kwa hiyo viti vyote tulivipa kimo cha sentimita 45. Kiti kikiwa chini mno, mwenye magoti mabovu huzama ndani yake na hawezi kuinuka ila kwa kuvutwa mikono. Kikiwa juu mno, miguu huning'inia na ukingo wa kiti hubana mapaja.

Kiti cha bibi tulikitofautisha na vingine kwa mambo mawili. Kwanza, kina chake, kutoka mbele hadi kwenye egemeo, ni sentimita 40 badala ya 43, ili mgongo wake ufike kwenye egemeo na miguu isiache sakafu. Pili, kina mikono ya kuegemea, sentimita 20 juu ya kalio la kiti, inayofika mpaka usawa wa miguu ya mbele. Mzee anapoinuka husukuma kwa viganja, na mikono ya kiti ikiishia nyuma hana pa kushika pale anapohitaji zaidi.

Meza ikapewa kimo cha sentimita 75. Tofauti ya sentimita 30 hivi kati ya kiti na meza ndiyo inayofuatwa na mafundi wengi, kwani huuacha mkono ufike kwenye chakula bila ya bega kupanda. Chini ya uso wa meza, ambao una unene wa sentimita 3, kuna fremu ya mbao nne zinazoshikanisha miguu. Tuliifanya fremu hiyo iwe na upana wa sentimita 8 tu, ikabaki nafasi ya sentimita 19 juu ya kiti kwa ajili ya mapaja na nguo.

Ama umbo, meza ya mstatili ingewafaa wenye kula kila mtu na sahani yake. Sinia ikiwekwa katikati ya meza ndefu, wanaoketi kwenye ncha hawaifikii. Kwa hiyo tulichagua duara lenye kipenyo cha sentimita 120. Mzingo wake ni kama sentimita 377, na ukigawanywa kwa watu sita, kila mmoja hupata sentimita 62 na ushei, nafasi ya kutosha kwa viwiko viwili. Sinia yetu ina kipenyo cha sentimita 60, hivyo ukiiweka katikati, ukingo wake uko sentimita 30 kutoka kwa kila mlaji, mkubwa kwa mdogo. Hakuna wa mbali wala wa karibu.

Miguu minne tuliiweka katika mraba wa sentimita 74 kwa 74. Pembe za mraba huo zinakaribia ukingo wa duara, na hilo huisaidia meza isipinduke mtu akiiegemea. Katikati ya kila ubavu uso wa meza umetokeza sentimita 23 nje ya fremu, na hapo mikono ya kiti cha bibi huingia chini bila ya kugonga.

Mbao ilitoka wapi?

Watu walipata kubishana kuhusu mimbar ya Mtume (Rehema na amani zimshukie), ilitengenezwa kwa mti gani. Walikwenda kumuuliza Sahl bin Sa'd, naye akawajibu kuwa ni mti wa athl, kutoka Ghaaba, karibu na Madina, na akaeleza kuwa ilitengenezwa na seremala mtumwa wa mwanamke mmoja. Tulilikumbuka swali lao tulipokuwa sokoni. Anayenunua mbao leo ana haki, na wajibu pia, wa kuuliza mti ulikatwa wapi na kwa idhini ya nani.

Miti inayosifiwa kwa samani nchini mwetu ni mninga, mkongo na mkangazi. Mbao zake ni nzuri na imara, lakini mninga na mkongo hutoka zaidi katika misitu ya asili, na hukua polepole mno. Novemba 2022, nchi wanachama wa mkataba wa CITES walipokutana Panama, ziliiingiza miti ya jamii hizo tatu ya barani Afrika katika orodha ya viumbe ambavyo biashara yake ya kimataifa lazima isimamiwe kwa vibali. Mkataba huo haumzuii Mtanzania kununua kiti cha mninga mtaani kwake, lakini unaonya kuwa hazina hiyo ina mwisho.

Sisi tulichagua mtiki wa kupandwa. Wilayani Muheza, si mbali na hapa Tanga, kuna shamba la miti la Longuza, ambalo mitiki yake hupandwa, huvunwa na kupandwa tena. Mtiki una mafuta yake ya asili, haushambuliwi kwa urahisi na mchwa, na huvumilia unyevu wa pwani. Tulidai stakabadhi, na tukatazama alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu kwenye mbao. Mbao isiyo na alama wala karatasi huwa rahisi kwa bei, na sababu ya urahisi wake mara nyingi ni kuwa haki ya umma haikulipwa. Haifai kuandaa chakula cha halali juu ya mti wa wizi.

Jambo la pili ni ukavu. Muuzaji mmoja alituapia kuwa mbao zake zimekauka kabisa. Tuliinua mbili za kipimo kimoja, moja ikawa nzito kuliko mwenzake waziwazi, na mwisho wake ulikuwa baridi kwenye shavu. Tulimshukuru, tukaenda kwa mwingine. Hata mbao tulizozinunua hatukuziamini kwa macho. Tulizipanga bandani mwezi Juni, kila mbao ikitenganishwa na mwenzake kwa vijiti vya unene mmoja, ili hewa ipite pande zote na jua lisizipige moja kwa moja. Binti yetu wa darasa la sita alipewa mizani na daftari. Kila Ijumaa alasiri aliipima mbao ileile moja na kuandika uzito wake. Mbao inayokauka hupungua uzito, na ikishakauka husimama. Wiki nne mfululizo uzito haukubadilika, na hapo ndipo tuliposema ziko tayari.

Nguvu iko mahali pasipoonekana

Kazi yenyewe ilianza Desemba, upepo wa kaskazi ukivuma. Kijana wetu mkubwa alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne na anasubiri matokeo, na miezi hiyo ya kusubiri, kama wazazi wengi wajuavyo, ni miezi yenye hatari zake. Tulimkabidhi viti.

Kiti ni kigumu kuliko meza. Meza husimama tu. Kiti hubeba mtu anayejitupa, anayegeuka, anayeegemea nyuma hadi miguu ya mbele inainuka. Uzito wote huo huishia kwenye kiungo kimoja, pale mbao ya ubavuni ya kiti inapokutana na mguu wa nyuma, na hapo ndipo viti vingi vinapofia. Kiti kikivunjika chini ya kijana, huinuka akicheka. Kikivunjika chini ya mzee wa miaka sabini, nyonga huweza kuvunjika pamoja nacho, na wengi wa umri huo hawarudi tena kutembea kama zamani. Kwa hiyo katika kiungo hicho hatukuridhika na msumari wala skrubu peke yake.

Tulitumia ulimi na tundu. Mwisho wa mbao moja huchongwa ulimi, na mbao ya pili hutobolewa tundu la kuupokea. Kanuni ya mafundi ni kuwa unene wa ulimi uwe kama theluthi ya unene wa mbao. Ukizidi, kuta za tundu hudhoofika, na ukipungua, ulimi wenyewe hukatika. Mbao zetu za ubavuni zilikuwa na unene wa sentimita 3, basi ulimi ukawa sentimita 1, ukaingia sentimita 3 ndani ya mguu. Ulimi mzuri huingia kwa kusukumwa na mkono na kumalizikiwa na pigo jepesi la nyundo ya mti. Ukihitaji kupigwa kwa nguvu, utaupasua mguu, na ukiingia wenyewe, gundi haitausaidia. Kila pembe ya ndani ya fremu tuliiongezea kipande cha mbao cha pembetatu, kilichotiwa gundi na skrubu.

Viti sita vina viungo vingi, na kila kimoja kilitaka kupimwa, kuchorwa, kukatwa na kujaribiwa kikavu kabla ya gundi. Siku moja kijana aliuliza, "Baba, si vitafunikwa hivi? Nani atayaona matundu haya?" Baba yake akamjibu, "Bibi yako atayakalia." Tangu hapo hatukumsikia akiuliza tena. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Nabii Zakariya (Amani iwe juu yake) alikuwa seremala, na aliyewahi kushika patasi anafahamu kwamba sehemu kubwa ya kazi hii anayeishuhudia ni Mola na fundi peke yao.

Uso wa meza una siri yake. Mbao haitulii hata baada ya kukauka. Hunyonya unyevu wa masika na kuutoa wakati wa kaskazi, ikivimba na kusinyaa kwa upana wake, wala si kwa urefu wa nyuzi zake. Uso wetu umeungwa kwa vipande saba, kila kimoja na upana wa inchi nane kabla ya kupigwa randa, vikabandikwa ubavu kwa ubavu kwa gundi nyeupe ya mbao na kubanwa usiku kucha. Upana wote huo huweza kuongezeka milimita kadhaa masika inapoingia. Ukiupigilia skrubu moja kwa moja kwenye fremu, hauna pa kwenda, nao utapasuka au utapinda. Kwa hiyo tulichimba mtaro mwembamba upande wa ndani wa fremu, tukatengeneza vishikizo vidogo vya mbao ambavyo mwisho mmoja umefungwa kwenye uso kwa skrubu na mwingine umeingia mtaroni. Uso hauwezi kuinuka, lakini una ruhusa ya kutanuka.

Duara lilichorwa kwa njia ya kale: msumari katikati, kamba isiyovutika ya sentimita 60, na penseli. Tulichora upande wa chini ili tundu la msumari lisionekane. Baada ya kukata, ukingo wote ulilainishwa kwa randa na msasa hadi hauna kona kali, kwani kichwa cha mtoto wetu wa miaka minne kiko usawa uleule.

Vumbi ni jambo la familia

Karakana ya nyumbani ina ubaya mmoja usiozungumzwa vya kutosha. Mwaka 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuwasababishia wanadamu saratani. Mbali na hilo, vumbi laini la msasa huchochea pumu na kuwasha macho. Fundi mwenye karakana mjini huliacha vumbi kazini, lakini mwenye karakana uani hulipeleka hadi chumbani kwa watoto.

Tulijiwekea masharti. Msasa ulipigwa nje tu, upepo ukivuma kuelekea mbali na madirisha. Aliyeushika alivaa barakoa iliyobana usoni, si kitambaa tu. Mdogo hakuruhusiwa kukaribia mpaka vumbi limetulia na sakafu imenyunyiziwa maji na kufagiwa. Nguo za kazi zilivuliwa uani. Pale randa ilipoweza kufanya kazi ya msasa, tulitumia randa, kwa kuwa maranda huanguka chini na hayapeperuki.

Kupaka mafuta nako kuna tahadhari yake. Tulipaka mafuta ya kitani mara tatu, mapako membamba, tukisubiri kila moja likauke ndipo lifuate jingine. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto, na matambara yaliyolowa yakirundikwa pamoja huweza kuwaka moto yenyewe bila ya kibiriti. Matambara yetu yalitandazwa nje moja moja hadi yakawa makavu na magumu, ndipo yakatupwa. Mwenye watoto na karakana chini ya paa moja asilisahau hili.

Kwa anayemwagizia fundi

Si kila nyumba ina seremala, na kumpa fundi wa mtaani riziki ni jambo la kheri. Lakini mwagizaji mwenye maarifa hupata kazi bora, na fundi mwaminifu humfurahia. Mpeleke fundi vipimo vya mzee wako, si picha ya kiti. Muulize mbao ilikatwa lini, ilikaushwa vipi, na uone stakabadhi yake. Omba kukitazama kiti kabla hakijapakwa rangi, viungo vikiwa wazi. Muulize uso wa meza umeshikwaje na fremu. Fundi anayejua kazi yake atajibu kwa furaha. Mwisho, ukubaliane naye ujira waziwazi, na umlipe kazi ikikamilika, bila ya kumzungusha.

Meza yetu ilikamilika mwanzoni mwa Februari. Haing'ai kama zile za madukani, na ukiutazama kwa makini uso wake utaona rangi za vipande saba hazifanani sawasawa. Mkeka haukutupwa. Wageni wakizidi, vijana huuteremsha na kula chini, nasi huona hapana tofauti baina ya wa juu na wa chini.

Lililobadilika ni dogo, nalo tuliandika kwa kirefu hivi kwa ajili yake. Mtoto wa mwisho hukaa ubavuni kwa bibi, na samaki anapoletwa, bibi humtolea miba kwa vidole vyake, polepole, akimuuliza alichojifunza madrasa. Kazi hiyo ya kutoa miba ilikuwa ya mama kwa miaka miwili. Sasa mwenyewe amerudi kwenye kazi yake.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujanunua meza wala hujatandika mkeka, tazama nyumbani kwako ni nani anayepelekewa sahani peke yake, kisha anza kupima kutoka kwenye goti lake.

Wabillahi tawfiq.